Jiwe la ziwani lina wenyewe

MWAKA 2009, mwaka mmoja baada ya kurejea kutoka Tanzania, nilianza kujenga nyumba yangu ya kwanza hapa Rumonge, katika nchi ambayo wazazi wangu waliikimbia kabla sijazaliwa. Kama warejeaji wengi wa wakati ule, nilikuwa na mabati machache, nguvu zangu mwenyewe na fedha za kuhesabu. Msingi ulihitaji mawe. Fundi akanieleza kwamba mawe ya mlimani ni ghali kwa sababu lazima yapasuliwe kwa nyundo, lakini ya ziwani yako tayari, yamesuguliwa na mawimbi. Kazi ni kuwalipa vijana wenye mtumbwi, basi.

Nikanunua mitumbwi mitatu ya mawe. Yalipomwagwa kwenye kiwanja yalikuwa bado mabichi, yana ukoga wa kijani kwa upande mmoja. Watoto wa jirani wakaanza kuyageuza, na kila jiwe waliligeuza kwa makelele: hapa konokono wameganda, pale kaa mdogo anakimbilia kivulini, na katikati ya rundo samaki mdogo mwenye kichwa cha duara amekauka.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa akipita akitoka mwaloni. Akasimama, akatazama, akasema: "Mwalimu, mawe haya yalikuwa na wenyewe."

Nilishtuka. Msomaji anayeijua Rumonge ataelewa kwa nini. Katika mji huu, ambako watu walikimbia mwaka 1972 wakaacha mashamba na michikichi yao, na kurudi baada ya miaka zaidi ya 30 wakakuta wengine wanalima humo, neno "wenyewe" si la mchezo. Nikamuuliza kwa haraka: "Ya nani, mzee? Nitalipa."

Akacheka, akamwonyesha kaa kwa fimbo yake. "Wenyewe ni hawa. Utawalipa nini?"

Sikuwa na jibu. Nafundisha baiolojia, na nilikuwa na cheti changu cha Tanzania kabatini, lakini swali la mzee yule limenichukua miaka mingi kulielewa. Makala haya ni jibu langu, ingawa limechelewa.

Ziwa halipwi, lakini lina ukingo

Wale waliowahi kufika Tanga, Dar es Salaam au Unguja wanajua jinsi bahari inavyopwa na kujaa. Maji yakipwa, ufukwe unaanika siri zake. Penye mwamba utakuta chaza na konokono wameng'ang'ania. Penye mchanga mtupu utaona vitobo vya kaa. Penye matope ya mikoko wapo viumbe wengine kabisa. Bahari ni moja na jua ni moja. Kilichobadilika ni kile ambacho viumbe wanakikanyaga.

Tanganyika halipwi namna hiyo. Maji yetu hupanda na mvua hadi kufikia kilele mwezi Mei, kisha hushuka kiangazi hadi Oktoba au Novemba, na katika mwaka wa kawaida tofauti haifiki mita moja. Hata hivyo kanuni ni ile ile: uso wa ufukwe ndio unaoamua nani aishi pale.

Wengi wetu hufikiri kwamba kwa kuwa ziwa ni kubwa, uhai umeenea kote. Sivyo. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470, na duniani linazidiwa kina na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Lakini hewa ya oksijeni haifiki chini huko. Kwa upande wetu wa kaskazini huishia kwenye mita 100 hivi, na chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Aidha, mwanga wa jua unaootesha chakula cha viumbe huishia juu zaidi ya hapo. Milima ya pande za Magara na Minago inavyotumbukia ziwani kwa mteremko mkali, sehemu yenye mwanga, hewa na mahali pa kujishikiza ni utepe mwembamba tu kandokando ya nchi kavu.

Ndani ya utepe huo kumejaa ajabu. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 240 za samaki wa jamii ya sato na kuhe, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wapo konokono, kaa na sifongo ambao ni wa ziwa hili pekee. Konokono wake wanafanana na wa baharini kiasi kwamba Mwingereza J. E. S. Moore, aliyefika hapa miaka ya 1890, alidhani ziwa hili liliwahi kuungana na bahari. Alikosea. Viumbe hawa wamezaliwa na kubadilika humu humu, kwa muda mrefu mno, kila kundi likizoea aina yake ya ufukwe.

Mitaa minne ya ziwa

Ili wanafunzi wangu wasikariri tu, niliwatoa darasani. Tulikwenda sehemu kadhaa za mwambao, kila kundi na daftari na ndoo. Kazi ilikuwa nyepesi: geuza, tazama, andika, rudisha ulivyokuta.

Tulianza na mawe, upande wa Minago. Jiwe lina uso wa juu unaopigwa na jua, na hapo huota ukoga wa kijani ambao ndio malisho. Lina pembeni, lina chini, lina nyufa kati yake na jiwe jingine. Juu tuliona samaki wanaokwangua ukoga kwa meno kama kitana. Katika nyufa kulikuwa na kaa, na wavuvi walituonya kuhusu swila wa majini, nyoka anayeishi kwenye mawe ya ziwa hili na kula samaki. Kwenye sehemu inayopigwa sana na mawimbi waliganda konokono wafupi wenye mguu mpana, na chini kidogo, palipotulia, konokono wenye magamba ya mistari na mikunjo. Wanafunzi walijaza ukurasa mzima, wakaomba mwingine.

Samaki wadogo wenye kichwa cha duara, kama yule aliyekaukia kiwanjani kwangu, wana kisa chao. Wataalamu huwaita Tropheus. Hawapendi kuvuka mchanga mtupu, kwa hiyo penye pengo la mchanga katikati ya mawe na mawe, ukoo mmoja hautembelei mwingine. Matokeo yake, ukienda kutoka jabali hadi jabali rangi zao zinabadilika, kama vitenge vya vijiji tofauti. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura miaka ya 1970, aliwafanya wajulikane ulimwenguni, na aina mojawapo inayopatikana upande wa Nyanza-Lac imepewa jina lake. Maana yake kwetu ni nzito. Ukimaliza mawe ya sehemu moja, unaweza kuwa umemaliza rangi ambayo haiko mahali pengine.

Mtaa wa pili ni mchanga, ambao ndio mwingi Rumonge mjini kwa kuwa sisi tuko kwenye tambarare ya Imbo. Mchanga unaonekana mtupu, lakini maji yakiwa meupe utaona mashimo ya duara kama bakuli. Hayo ni mapambo ya samaki dume, wanaochimba na kurundika mchanga kwa midomo yao ili wamvute jike. Wapo wengine wanaochota mchanga kinywani, wanachuja chakula na kuutema. Aina ni chache kuliko kwenye mawe, lakini ni watu wake, hawaishi kwenye jabali.

Mtaa wa tatu ni makombe. Konokono mkubwa wa ziwa hili akifa, gamba lake hubaki, na sehemu nyingine magamba hurundikana chini ya maji kama mtaa wa nyumba za kupanga. Samaki wadogo kuliko kidole huingia humo, wakaishi, wakataga na kulea watoto.

Mtaa wa nne ni matete na majani ya majini, hasa karibu na midomo ya mito. Hapo hujificha watoto wa sangala kabla hawajawa wakubwa wa kwenda kilindini. Hatukuwaingiza wanafunzi huko kwa sababu mbili. Kwanza ni mamba na viboko. Pili ni kichocho, kwani konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, si majabali yanayopigwa na mawimbi.

Mwisho tulikwenda karibu na mahali mto Dama unapoingia ziwani. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mvuvi mmoja alituchotea ndoo ya tope kutoka kwenye mtumbwi wake. Tuliichuja kwa chandarua. Wanafunzi waliandika mistari mitatu, kisha wakakaa wakitazamana.

Tope linapoingia nyumbani

Msomaji asinielewe vibaya. Tope nalo lina wenyewe wake. Yupo konokono wa ziwa hili mwenye miiba mirefu ambaye makazi yake ni tope laini la kilindini. Tatizo ni tope linapofunika mahali ambapo halikuwapo.

Jiwe likifunikwa, mambo manne hutokea kwa pamoja. Ukoga wa kijani unakosa jua. Anayekwangua ukoga anakula vumbi badala ya chakula. Nyufa zinajaa, na mwenye kujificha anakosa mlango. Mayai yaliyobandikwa kwenye jiwe yanakosa hewa. Jiwe bado lipo, ukilipapasa kwa mguu unalikuta, lakini limekwisha kuwa kaburi.

Haya si mawazo yangu. Mwaka 1993 mtaalamu wa Kimarekani Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichapisha utafiti kuhusu sehemu za ziwa hili, zikiwemo za Burundi, wakilinganisha mwambao unaopokea udongo mwingi kutoka milima iliyolimwa na ule ambao bado una misitu. Penye udongo mwingi, aina za viumbe wadogo wenye magamba mawili kama kunde zilikuwa chache kwa kiasi kikubwa, na za samaki nazo zilielekea kuwa chache. Baadaye, kuanzia mwaka 1998, Cohen aliendesha mafunzo ya vijana huko Kigoma, kwenye kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI, yaliyoitwa Nyanza Project.

Nayakumbuka mafunzo hayo. Nilikuwa nimetoka makazi ya Mishamo, nikisoma sekondari Kigoma, na tuliwaona vijana wa Kizungu na wa Kiafrika wakielea kifudifudi majini, miwani usoni, wakihesabu konokono. Tuliwacheka sana. Mtu anatoka Marekani kuja kuhesabu konokono! Leo ninapowapeleka wanafunzi wangu na ndoo zao, wapita njia nao hunicheka mimi.

Kuna jambo jingine la maji machafu ambalo majirani zetu wa ziwa Victoria wamelishuhudia. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba katika maji yaliyochafuka upande wa Mwanza, samaki jike hushindwa kutofautisha rangi za madume. Anachagua asiye wa aina yake, na aina mbili zinapotea ndani ya moja. Kwa hiyo tope huua bila hata kumgusa samaki. Linatosha kumfumba macho.

Marehemu baba yangu aliniambia utotoni kwamba walipokuwa wadogo walikuwa wakilala kifudifudi juu ya majabali kaskazini mwa Rumonge, wakivizia kaa. Aliyasimulia majabali hayo Mishamo, mahali ambapo ziwa halionekani, mpaka nikayajua moja moja. Tuliporudi mwaka 2008 akanipeleka. Tulitembea tukarudi, tukatembea tena. Majabali mawili makubwa yalikuwepo, yaliyobaki hayakuonekana. Sijui kama yalichukuliwa kwa ujenzi au yalifukiwa na udongo wa mlimani. Baba alisema tu: "Labda nimesahau." Hakuwa amesahau.

Ukuta si jabali

Wapo wanaosema: sawa, mawe yameondoka, lakini kuna kuta za saruji za nyumba na hoteli ufukweni, nazo si mawe? Nami niliwahi kudhani hivyo. Tukaenda na wanafunzi kwenye ukuta mmoja. Ukoga ulikuwepo, na konokono wachache wa aina moja au mbili. Kaa hakuna. Samaki wa nyufa hakuna, kwa sababu nyufa zenyewe hakuna. Ukuta umenyooka, umelainishwa na mwiko wa fundi, hauna juu wala chini, hauna kivuli. Kwa kiumbe wa ziwani ni uwanja mtupu uliosimamishwa wima.

Kwenye miji ya pwani za bahari hili limejulikana siku nyingi: kuta za bandari hubeba aina chache kuliko mwamba wa asili. Huko Sydney, Australia, tangu mwaka 2018 wataalamu wanabandika kwenye kuta za bahari vigae vyenye mashimo na mikunjo ili viumbe wapate pa kujishikiza. Nchi tajiri inatumia fedha kutengeneza nyufa. Sisi tunazo za bure, tunazing'oa na kuzifukia.

Ukuta una madhara mengine yaliyoonekana maji yalipopanda. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilifurika. Wakazi wa Gatumba karibu na Bujumbura waliondoka majumbani kwao, na hapa Rumonge pia watu wa kandokando ya maji walihama. Wazee wakakumbuka mafuriko ya miaka ya 1960. Hata mwaka 1878 ziwa lilikuwa juu sana, likafungua njia yake ya mto Lukuga kule Congo, ambao mpaka leo ndio mlango pekee wa kutokea maji.

Kwa hiyo ziwa kupanda na kushuka si jambo geni, na viumbe wake wamelizoea. Penye mteremko wa mawe, maji yakipanda mita moja, konokono, kaa na samaki nao wanapanda mita moja, wanakuta mawe mengine yanawasubiri. Lakini maji yakipanda kwenye shamba lililolimwa hadi ukingoni, ukingo mpya ni udongo mtupu, na mawimbi yanauchimba na kuufanya tope. Yakipanda kwenye ukuta, hakuna pa kwenda. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 ilitenga mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika zisijengwe. Wengi tuliiona kama sheria ya kuwanyima watu viwanja. Mafuriko yalipokuja, tulielewa kwamba zile mita zilikuwa nafasi ya ziwa kupumua, na yetu ya kukimbilia.

Mfanyabiashara anahusikaje?

Huenda dada anayesoma gazeti hili akiwa kwenye foleni ya forodha Mugina, na mzigo wake wa mawese ya Rumonge ukisubiri kuvuka kwenda Manyovu, anajiuliza kaa na konokono wanamhusu nini. Wanamhusu kupitia dagaa.

Ndagala wetu, ambao ng'ambo mnawaita dagaa, huvuliwa kwa taa usiku, mbali na ufukwe. Lakini wale wa aina ya lumbu huzalia na kukulia kwenye maji ya kina kifupi, hasa kwenye fukwe za mchanga, kabla ya kwenda katikati ya ziwa. Watoto wa sangala hukulia kwenye majani. Kuhe, yule mkubwa anayependwa kwenye karamu, huzaa kwenye maji ya ukingoni, na baba na mama wakalinda watoto wao pamoja. Ukingo ndio chumba cha uzazi cha soko lako.

Ndiyo maana kokoro la kuvutwa kutoka ufukweni ni hasara. Linakwangua mchanga, linavuruga mashimo ya mayai na kubeba watoto ambao hawajafikisha hata kidole. Tanzania ilipofunga uvuvi Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wafanyabiashara wengi tuliongea nao walilalamika, na walikuwa na haki, kwa kuwa tumbo halifungwi. Lakini kufunga ziwa miezi mitatu huku ufukwe ukifukiwa miezi 12 ni kumlinda mama mjamzito na kuibomoa hospitali yake.

Tufanye nini

Ningependa kumaliza kwa kusema mawe yasichukuliwe, basi. Lakini mimi ni mwalimu wa Rumonge, na ninajua kwamba ada na madaftari ya baadhi ya wanafunzi wangu hulipwa na mawe hayo hayo. Siku ile ya Minago, kijana mmoja aliyejaza ukurasa wake vizuri kuliko wote alinifuata baadaye, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, baba yangu ndiye anayechukua mawe hapa." Sikumkemea. Nilimwambia ukweli, kwamba mmoja wa waliomtuma baba yake ni mimi.

Njia ya mkato haipo. Tukisema watu waache mawe wachome tofali, tofali zinakula kuni, kuni zinatoka mlimani, na mlima ukibaki mtupu tope linashuka ziwani. Tutakuwa tumelifukuza jiwe kwa mlango na kuliingiza tope kwa dirisha. Jiwe la mlimani ni ghali kwa sababu lina jasho la kupasua. Lakini jasho hilo ni ajira pia, na vijana wa mitumbwi wanaweza kuwa vijana wa nyundo ikiwa sisi wanunuzi tutakubali kulipa tofauti. Anayejenga ndiye anayeamua, kuliko hata anayebeba.

Mlimani nako kuna kazi. Mitaro ya kukinga maji, majani ya kushika udongo kwenye kingo za matuta, miti kandokando ya mito Dama na Murembwe: haya tunayajua, yamefundishwa tangu zamani. Shamba la muhogo lisilo na kinga hupoteza udongo wake mara mbili, maana mkulima anakosa rutuba na mvuvi anakosa samaki. Anayetaka kuona mwambao wetu unavyoweza kuwa aende Kigwena, kusini mwa mji, ambako kipande cha msitu bado kimesimama karibu na ziwa.

Na penye matete tuyaache. Yanashika tope kabla halijafika kwenye mawe, tena bila mshahara.

Nchi nne zinagawana ziwa hili: Burundi, Congo, Tanzania na Zambia. Mwaka 2003 zilitia saini mkataba wa kulitunza pamoja, na mamlaka iliyoundwa chini ya mkataba huo ina makao yake Bujumbura. Sehemu yetu ya mwambao ni ndogo, haifiki moja kwa kumi ya ukingo wote. Lakini udogo huo ndio unaonipa hofu. Tanzania ikiharibu jabali moja, ina mengine mengi kutoka Kagunga hadi kule kusini. Sisi mawe yetu yanahesabika.

Sisi warejeaji tunajua maana ya kurudi ukakuta nyumba imekaliwa au haipo. Walau sisi tulikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko, hata kama majibu yalichelewa na wengine hawakuridhika. Kaa wa Minago hana tume ya ardhi.

Nyumba yangu bado imesimama. Mawe ya mitumbwi mitatu yako chini ya msingi, na siwezi kuyarudisha bila kuibomoa na kuwaweka nje watoto wangu. Mwaka jana nilianza kuongeza chumba kimoja nyuma. Nilinunua mawe ya mlimani, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi saba, na jirani zangu wakaniuliza kama nimepata fedha za bure. Baba wa yule mwanafunzi ndiye aliyenipasulia.

Mzee mvuvi naye yu hai, ingawa haendi tena majini. Alipopita akalitazama rundo, akageuza jiwe moja kwa fimbo yake. Chini yake hakukuwa na kitu ila vumbi.

"Haya," akasema, "hayana wenyewe. Jenga, mwalimu."